Je, wajua? Muvi "iliyosafishwa" haijakatwa hata sekunde moja

Huko Marekani kuna huduma za kustrimu ambazo familia inalipia kila mwezi, halafu mnakaa sebuleni na watoto mnaangalia muvi za kawaida kabisa, zilezile wanazoangalia watu wazima, ila matusi hayasikiki na vile vipande vya kitandani vinapitwa. Sasa swali, hizo muvi huwa wanazikata? Mimi miaka yote nilikuwa najibu ndiyo, tena nawaelezea watu kwamba kuna mafundi wanakaa wanakata, wanatoa kopi safi, wanaipandisha kwenye intaneti. Nilikosea, na kosa lenyewe si dogo, maana hapo hapo kwenye kukata na kutokata ndipo kampuni moja ilishindwa mahakamani.

Ukweli ni kwamba kopi safi haipo. Muvi iko vilevile ilivyotoka studio, nzima. Unacholipia wewe ni orodha tu.

Chukulia unamsomea mwanao kitabu cha hadithi usiku, ukafika kwenye aya unayoona haimfai, ukairuka ukaendelea na inayofuata. Mtoto hajaisikia, lakini kitabu hujakigusa, kesho ukikifungua aya iko palepale. Jirani yako naye ana kitabu hichohicho, ila yeye kachukua mkasi kaikata ile aya, kurasa zilizobaki kazipiga fotokopi na anaziuza. Watoto wa nyumba zote mbili wamesikia hadithi moja, neno kwa neno, lakini kwa sheria za hakimiliki wewe umesoma tu na jirani ametengeneza kitabu kingine kutoka kwenye kazi ya mtu. Mimi nilidhani hizi huduma ni jirani, kumbe ni wewe uliyeshika kitabu.

Orodha yenyewe inatengenezwa hivi. Mtu anaiangalia muvi toka mwanzo mpaka mwisho, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaandika: dakika ya 14, kuanzia sekunde ya 32 na nusu mpaka ya 33, tusi. Dakika ya 51, kuanzia sekunde ya 8 mpaka ya 40, damu. Kila mstari unapewa aina yake, na wewe nyumbani kabla hujabonyeza plei unachagua usichotaka, labda matusi yaondoke lakini ngumi zibaki. Baada ya hapo programu inakwenda sambamba na muvi kama dereva wa daladala aliyezoea njia yake, anajua shimo la kwanza liko karibu na kituo gani na la pili liko baada ya daraja, akilikaribia anakata usukani, akilipita anarudi njiani. Barabara haijazibwa shimo hata moja, ila abiria hawajarushwa.

Tusi mara nyingi linazimwa sauti tu, picha inaendelea. Ukiangalia kwa makini unamwona mtu kwenye gari anafungua mdomo, midomo inacheza, na kwa ile nusu sekunde hata mlio wa injini na muziki wa nyuma vinapotea, kwa sababu sauti yote imezimwa kwa pamoja. Halafu injini inarudi. Na kama umewasha maandishi ya chini, nayo lazima yafichwe, la sivyo mtoto anayejua kusoma atalisoma lile neno.

Kuruka picha ndiyo kazi ngumu zaidi. Video ya intaneti haihifadhi kila picha kamili, inahifadhi moja nzima halafu zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Ni kama mtu anakuelezea chumba kwa simu, kwanza anataja kila kitu kilichomo, baada ya hapo anasema "kiti kimesogea, mlango umefunguliwa", sasa wewe ukiingia kwenye simu wakati anasema kiti kimesogea huwezi kujua ni chumba gani. Kwa hiyo programu ikitaka kutua katikati inabidi irudi mpaka kwenye picha nzima iliyotangulia, ijenge kimyakimya kuja mbele, ndipo ikuonyeshe. Ikitua vibaya unasikia nusu ya sentensi.

Historia yake kwa kifupi. Kampuni ya CleanFlicks ya jimbo la Utah ilikuwa ndiyo yule jirani hasa, inakata muvi na kutoa DVD mpya, na mwaka 2006 mahakama ya Colorado ikasema huo ni ukiukaji wa hakimiliki. Mwaka mmoja nyuma, 2005, Marekani ilikuwa imeshapitisha sheria inayoiruhusu familia kuruka au kuzima vipande vya muvi nyumbani kwao, kwa masharti: muvi itoke kwenye kopi halali, na isitengenezwe kopi ya kudumu iliyobadilishwa.

VidAngel, kampuni nyingine ya Utah, walijua hayo yote na filta zao, yaani ule mfumo wa kuruka na kuzima vipande, zilikuwa za orodha. Walikuwa wanakuuzia diski kwa dola 20, inabaki kwao, unaistrimu ikiwa na filta, halafu wanainunua tena kwa dola 19, yaani usiku mmoja umelipa dola 1. Mwaka 2016 wakashtakiwa na studio za Disney, Warner Bros. na wenzao. Na hapa pia nilikuwa nimeelewa vibaya, nilidhani walishindwa kwa sababu ya kuruka matusi. Hapana. Walishindwa kwa sababu walivunja kufuli ya kidijitali ya zile diski, wakanakili muvi kwenye kompyuta zao na kustrimu kutoka kwenye hizo nakala bila leseni, na mahakama ya rufaa mwaka 2017 ikaona muvi wanayorusha haikutoka kwenye kopi halali. Mwaka 2019 jopo la raia mahakamani (jury) likaamua walipe studio fidia ya dola milioni 62.4 kwa muvi 819. Mwaka 2020 walipatana na studio walipe milioni 9.9 kwa miaka 14, na muvi za Disney na Warner Bros. wasiziguse bila ruhusa.

Ndiyo maana siku hizi huduma ya VidAngel inakaa juu ya akaunti yako mwenyewe ya Netflix au Amazon. Unalipa mara mbili, huku muvi na kule orodha. Sheria hiyo ya 2005 ni ya Marekani, usiichukulie kwamba inakulinda ukiwa Mombasa au Muscat. Na orodha inakamata neno na picha tu, muvi ambayo habari yake nzima ni ya kutisha itabaki inatisha hata ukizima kila kelele.

Watoto wakishalala, mama anaifungua muvi ileile, akaunti ileile, filta amezitoa. Dakika ya 14, sekunde ya 32 na nusu, neno lipo, na injini inanguruma nyuma yake.