Video Fupi za Afya: Wanaotafuta Densi ni Wachache

Wengi wanaotengeneza video za afya hapa Nairobi huamini mtazamaji anataka kuchekeshwa: daktari acheze densi, muziki upigwe, sekunde 30 zimekwisha. Ucheshi humfanya mtu atulize kidole, sikatai. Ila kutazama si kusaidika.

Mfikirie mama wa Kayole, saa nane usiku, mtoto anaharisha na nyumbani hakuna pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini. Anataka vipimo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Na aonyeshwe kijiko chenyewe, maana ni kile kidogo cha chai, tena cha kusawazishwa, kisichojaa kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Kisha aambiwe dalili za kumkimbiza mtoto hospitali: macho yamedidimia, mwili umelegea, hawezi kunywa, kinyesi kina damu. Dawa ya zinki nayo isiachwe, hutolewa siku 10 hadi 14. Hayo yote hayaingii kwenye densi, na mama huyo hatalalamika video ikifika dakika tatu.

Anataka pia kujua anayesema ni nani. Koti jeupe linanunuliwa soko la mitumba la Gikomba; jina la daktari wa kweli hupatikana kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni.

Halafu kuna abiria wa matatu ya Githurai, spika zinavuma. Huyo bila maandishi ya Kiswahili chini ya video hasikii kitu.