Thairoidi imelegea, koo haliponi: kinga imekwisha?

Mama mmoja anayeuza mitumba soko la Kibuye, Kisumu, aliambiwa miaka miwili iliyopita kwamba tezi yake ya thairoidi imelegea. Anameza kidonge kila siku. Hata hivyo, ndani ya miezi mitano koo limemwuma mara tatu, mkojo umemchoma mara mbili, na kemisti wa mtaani sasa anamwita kwa jina. Barua yake ilikuwa ndefu, nimeikata vipande.

Daktari, nimeambiwa thairoidi ikilegea, kinga nayo inaisha. Ni kweli?

Kuna chembe ya ukweli iliyotiwa chumvi nyingi. Homoni za tezi hii ya shingoni ndizo huamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, matumbo, joto la ngozi, hata chembe za damu zinazopigana na vijidudu. Mtu ambaye tezi imelegea kabisa na hatibiwi, nimonia tu inaweza kumwangusha. Ukimwona amepoa mwili, anapumua polepole na usingizi haumwachi, huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Lakini anayetibiwa, na vipimo vikawa sawa, haugui kuliko jirani yake kwa sababu ya tezi. Wakati wa Korona, mwaka 2020, swali hili liliulizwa sana, na wataalamu wa tezi walijibu kwamba thairoidi iliyolegea peke yake haimtii mtu kwenye kundi la hatari.

Mkanganyiko unaletwa na neno lenyewe, kinga. Wengi wenye shida hii wana ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Katika ugonjwa huo kinga, yaani soja wa ploti, hajalala. Yuko macho, ila amemgeukia mpangaji mmoja, yaani tezi, na wezi wa nje bado anawafukuza kama kawaida. Sasa zile chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa stendi zitamsaidia nani? Baadhi ya dawa za aina hiyo zina mwani wa baharini wenye iodini nyingi, na iodini ikizidi inaweza kuilegeza tezi zaidi.

Basi mbona naugua kila mara?

Una hakika kila mara ni maambukizi? Thairoidi iliyolegea hukwaruza sauti, huvimbisha uso asubuhi, huumiza misuli na kuleta uchovu usioisha kwa kulala. Umeandika kwamba unavaa sweta sokoni saa saba mchana, jua la Kisumu likiwa utosini, na wenzako wanakucheka. Hiyo baridi haitoki kwa mafua, mama. Ni mwili wenye upungufu wa homoni, na amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, haina la kuufanyia. Huku kwetu ziwani mambo huvurugika zaidi kwa kuwa kila uchovu hupewa jina la malaria kabla damu haijapimwa. Pima. Isipoonekana, usimeze dawa yake.

Mkojo ni habari nyingine. Kuchomwa mara mbili ndani ya miezi sita kunatosha kuitwa maambukizi yanayojirudia, na hapo mkojo uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Najua pia kina mama wa sokoni hawanywi maji kuanzia asubuhi ili wasihangaike na choo cha kulipia. Kibofu kinalipa hiyo akiba.

Kidonge nameza saa kumi na mbili asubuhi kwa chai, pamoja na vya kuongeza damu, halafu nakimbilia matatu. Nakosea?

Unakosea, na nadhani hapa ndipo penye kiini cha barua yako. Picha ya karatasi uliyotuma inasema TSH 11.8. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa sawa. Wengi wakiona namba imepanda hudhani thairoidi imepanda, kumbe ni kinyume: TSH ni homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama mwenye nyumba anayezidi kupaza sauti kwa sababu mfanyakazi hasikii. Kwa hiyo miaka miwili umekuwa ukimeza dawa, na sehemu kubwa yake pengine haiingii mwilini.

Chai yetu ni ya maziwa, na kalsiamu ya maziwa huishika levothairoksini, dawa iliyo ndani ya kidonge chako cha thairoidi, tumboni isipenye. Madini ya chuma yaliyo katika vidonge vya damu hufanya vivyo hivyo. Meza kidonge cha thairoidi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, usubiri dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai. Vya damu vikae saa nne mbali nacho. Asubuhi ikikushinda, meza usiku, angalau saa tatu baada ya chakula. Tena usiache pakiti kibandani chini ya mabati. Joto na unyevu huiharibu dawa.

Usijiongezee kipimo. Dawa hii huchukua takriban wiki moja kupungua nusu mwilini, hivyo mabadiliko huonekana polepole. Rudia TSH baada ya wiki sita hadi nane, na usipime ukiwa mahututi kwa ugonjwa mwingine, maana namba hudanganya.

Nipime nini kingine?

Sukari, damu kamili (hesabu ya chembe zote za damu), na virusi vya UKIMWI. Hukuuliza hilo la mwisho. Nauliza mimi, kwa sababu nimeona watu wakiisingizia tezi mwaka mzima huku chanzo kingine kikikua. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu. Ukianzishiwa dawa zake, mwambie daktari unatumia levothairoksini: mojawapo ya hizo, rifampisini, huifanya iishe mwilini haraka, na kipimo huenda kikahitaji kupandishwa.

Niache sukuma wiki? Samaki nakula sana.

Kula sukuma yako. Samaki wa ziwani wana iodini kidogo kuliko wa baharini, lakini chumvi ya dukani yenye iodini inakutosha. Mihogo iloweke na kuipika vizuri, kama nyanya zetu walivyofanya.

Dada yangu wa Nakuru naye ana thairoidi, anameza kabimazoli. Tangu juzi ana homa na koo linamwuma. Nimgawie vidonge vyangu?

Hapana! Ugonjwa wake ni kinyume cha wako: tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Ni nadra, lakini kabimazoli inaweza kuangusha ghafla chembe nyeupe za damu, na dalili ya kwanza huwa hizo hizo, homa na koo. Mpigie simu sasa. Asimeze kidonge cha jioni, aende hospitali leo hii apimwe damu kamili, na akifika dirishani ataje jina la dawa kabla hajataja koo.