Msiniombe tena maswali ya usaili

Wiki hii umeingia tena ujumbe wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu pale Tunguu, Unguja: "Shikamoo kaka, nasikia mnakuja chuoni kuajiri. Naomba maswali ya mwaka jana niyasome." Sisi tunaajiri waandishi wa programu za kompyuta, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Swali la mwaka jana hili hapa: una orodha ya namba 10,000 za tiketi za boti ya Pemba, tafuta zilizojirudia. Na mwaka huu huenda tukaliuliza hilo hilo.

Wengi huandika lupu (amri ya kurudia hatua) ndani ya lupu, kila namba ikalinganishwa na nyengine zote: karibu mara milioni 50. Aliyekariri hutumia seti, yaani mkusanyo usioweka kitu kimoja mara mbili, akapita orodha mara moja tu, hatua 10,000. Vizuri. Namuuliza: na kama orodha imeshapangwa kwa mfuatano? Kimya. Kumbe hapo seti haina kazi tena, kwani zilizojirudia zimekaa jirani. Unatazama namba na ile iliyoitangulia, basi. Aliyeanza na lupu mbili lakini akasema "hii itakuwa nzito tiketi zikizidi, ngoja nifikiri" mara nyingi hulifikia hilo mwenyewe. Huyo ndiye ninayempigania.

Ukimya ndio unaonichosha. Mtu anainama dakika 15, kisha ananisogezea karatasi kama mtihani wa skuli. Hajauliza kama namba zina herufi ndani yake. Hajauliza kama orodha inaweza kuja tupu, wala kama mtoto anayesafiri na mamaye ana tiketi yake au wanatumia moja. Kazini mteja hakwambii hayo mpaka umuulize, na usipomuuliza utajenga kitu asichokitaka. Nikikupa dokezo na wewe ukalipita kwa sababu halimo katika ulichokariri, nitajuaje kwamba tutaweza kufanya kazi pamoja?

GPA, yaani wastani wa alama za chuo? Kwetu inapunguza barua za maombi zikiwa nyingi. Ukishakaa mbele yetu hakuna anayeitazama. Kwenye GitHub, tovuti ya kuweka programu, weka mradi mmoja ulioumaliza, si kumi ya kunakili.

Lakini liko linalonikosesha raha. Vijana hawa tumewalea wanyamaze mbele ya wakubwa. Anayesemasema huambiwa hana adabu. Kisha namkalisha mbele ya watu wazima watatu, kwa Kiingereza, nikitaka afikiri kwa sauti. Kijana mmoja wa Wete alinyamaza karibu muda wote, tukamwacha. Siku ya pili nikaisoma programu yake kwa utulivu: ilikuwa safi kuliko zote, na hata orodha tupu alikuwa ameifikiria. Nafasi ilikuwa imeshatolewa. Tangu siku hiyo naanza kwa Kiswahili, na nampa mtu dakika 5 za peke yake kabla hajasema neno. Sina hakika kama inatosha, maana hata sisi wenyewe kazini hatuandiki programu huku watu watatu wametukodolea macho.

Basi kabla hatujaja, kaa na mwenzako barazani, mweleze swali la tiketi kwa sauti mpaka aelewe. Kisha abadilishe masharti: tiketi ziwe milioni 100, na kumbukumbu ya kompyuta haizitoshi. Ukikwama hapo niandikie umekwama wapi na umejaribu nini. Ujumbe huo nitaujibu siku hiyo hiyo.