Je, wajua kwa nini nyumba za Amsterdam zimeinamia mfereji?

Simama ukingoni mwa mfereji wa Herengracht au wa Prinsengracht, inua macho, na utadhani fundi alisahau timazi nyumbani. Ukuta wa mbele umeilalia barabara, na juu kabisa, chini ya kipaa, umechomoza mhimili mfupi wenye kulabu ya chuma. Wageni wengi hupiga picha na kusema mji unazama. Wamepata nusu tu. Mwinamo wa kuja mbele ni wa makusudi. Wa kwenda ubavuni ndio ugonjwa.

Mifereji mikuu ya Amsterdam ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na nyumba nyingi za wafanyabiashara kando yake zilikuwa makazi na ghala kwa wakati mmoja. Bidhaa ziliwekwa darini, mbali na unyevu. Tatizo ni ngazi: nyumba ni nyembamba, kwa hiyo ngazi zimebanwa na kusimamishwa karibu wima, gunia halipiti. Basi mzigo ulipandishwa kwa nje. Kamba hupitishwa kwenye kapi lililotundikwa kulabuni, watu huvuta wakiwa chini, na mmoja hupokea dirishani. Ukuta ukiwa wima, gunia linalobembea huvunja vioo na kukwangua matofali. Ukiinamishwa mbele, kulabu hutangulia na mzigo huning'inia bila kugusa ukuta. Hata maji ya mvua hudondoka mbali na kuta za chini.

Mtindo huo ulikuwapo hata kabla ya mifereji hiyo, na wajenzi waliupenda mno hadi sheria ya mwaka 1565 ikauwekea kikomo: sentimita 4 kwa kila mita ya kimo. Ukuta wa mita 12 uliweza kutokeza sentimita 48 kileleni. Na kulabu si mapambo. Mpaka leo mtu akihama, kochi na friji hupitia dirishani.

Sasa ule ugonjwa. Chini ya mji kuna mboji na udongo laini, na mchanga wa kwanza ulio imara uko kama mita 12 kwenda chini. Ndiyo maana magogo marefu ya msonobari yalipigiliwa mpaka yakagota mchangani, kisha nyumba ikajengwa juu yake. Kasri la kifalme katika uwanja wa Dam, lililoanza kujengwa mwaka 1648, limebebwa na magogo 13,659. Gogo lililozama majini muda wote hudumu karne nyingi, kwa sababu kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa. Maji ya ardhini yakishuka, vichwa vya magogo hubaki wazi, kuvu huingia, na upande mmoja wa nyumba hudidimia hadi kuegemea jirani. Tiba yake ni ghali: huchimbwa chini ya sakafu, hupigiliwa nguzo mpya, huchongwa matundu kwenye kuta, kisha humwagwa zege linaloingia humo na kuzibeba kuta kama meza.

Ukitaka kutofautisha, tazama madirisha. Fremu zikiwa na pembe mraba na vizingiti vimelala sawa, mwinamo ni wa fundi. Fremu zikipinda kama sanduku la karatasi lililokaliwa, msingi umecheza. Nyumba za mtaa wa Damrak zinazogusa maji, karibu na stesheni kuu, zinaonyesha hali hiyo waziwazi. Kwa picha nzuri nenda pale mfereji wa Reguliersgracht unapokutana na Herengracht, ila usirudi nyuma ukitafuta pembe bila kuangalia: njia ya lami nyekundu ni ya baiskeli, na waendeshaji hawapunguzi mwendo.

Ukipanga chumba katika nyumba ya namna hii, uliza mapema kama kuna lifti na utalala ghorofa ya ngapi. Ngazi za ndani ni zilezile zilizolishinda gunia. Sanduku kubwa liache kwenye makabati ya kukodi stesheni, upande na begi la mgongoni, mikono yote miwili ikishika reli. Kushuka ndiko kugumu zaidi: vidato ni vifupi kuliko wayo, kwa hiyo kanyaga kiupandeupande.