Mtu Ndani ya Sanduku: Dhana Potofu Kuhusu Ubunifu, Akili Mnemba na Waandishi wa Marekani wa Karne ya 19

Mabishano kuhusu akili mnemba na ubunifu hayachelewi kuwafikia wafu. Mmoja atamtaja Edgar Allan Poe, mwingine Emily Dickinson, mwingine Mark Twain, na wote hutajwa kwa kusudi lilelile: kuonyesha kwamba binadamu huumba na mashine huiga. Nawapenda waandishi hao, na ndiyo maana naumia nikiona wanavyotumiwa. Wengi wanaowataja hawazungumzii watu waliokuwako, wanazungumzia masanamu. Na mtu akishakosea kuhusu namna Melville alivyoandika, atakosea pia kuhusu kile ambacho programu ya kompyuta inaweza au haiwezi kufanya.

Dhana: Mwandishi mkubwa huumba kutoka patupu, mashine ndiyo inayokusanya vya watu.

Herman Melville alikusanya vya watu bila kuona haya. Alipokuwa akiandika Moby-Dick, riwaya ya wavua nyangumi iliyotoka mwaka 1851, alikuwa amezungukwa na vitabu, na kuhusu maumbile ya nyangumi alitegemea sana kile cha tabibu wa Kiingereza, Thomas Beale, kilichochapishwa mwaka 1839. Kisa cha nyangumi kuizamisha meli nacho hakukibuni. Meli ya Essex kutoka Nantucket iligongwa na nyangumi ikazama katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1820, na Owen Chase, mmoja wa maofisa wake, aliandika habari zake mwaka uliofuata. Melville alikisoma kitabu hicho akiwa baharini, ameazimwa na mtoto wa huyohuyo Chase. Wala hakuficha deni lake: riwaya inaanza na kurasa kadhaa za dondoo za vitabu vya watu wengine, kuanzia Biblia.

Mark Twain alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1903 alimwandikia Helen Keller, ambaye utotoni alituhumiwa kuiba hadithi, akamwambia kwamba karibu yote yanayosemwa na binadamu ni ya kuazima.

Basi kuazima siko kunakowatenga binadamu na mashine. Mimi tofauti naiona mahali pengine. Januari 1841 Melville alipanda meli ya kuvulia nyangumi, Acushnet, akakaa humo mwaka mmoja na nusu, kisha akaitoroka katika visiwa vya Marquesas. Alipomfungua Beale miaka kadhaa baadaye, alikuwa ameshavuta makasia na kunusa mafuta yakichemka sitahani. Aliweza kumkubali Beale hapa na kumkataa pale, maana yeye mwenyewe alikuwako.

Upande wa mashine nao umepotoshwa. ChatGPT haina kabati la vitabu inamochomoa vipande na kuviunga. Katika kufunzwa, programu ya aina hii hupitishiwa maandishi mengi mno, nayo hurekebisha mabilioni ya namba zilizomo ndani yake mpaka iweze kukisia neno, au kipande cha neno, kitakachofuata. Kinachobaki ni namba hizo, si kurasa. Ila kifungu kilichorudiwa mara nyingi sana huko ilikosomea, kama mwanzo wa riwaya hiyohiyo ya Melville, inaweza kukikariri neno kwa neno. Anayesema “inanakili tu” amekosea, na anayesema “hainakili kamwe” amekosea vilevile.

Dhana: Shairi la kweli hushuka kama wahyi, likipangwa kwa hesabu si sanaa tena.

Shairi la Poe, “The Raven” (Kunguru), lilitoka Januari 1845 likampa jina. Mwaka uliofuata alichapisha insha akidai kwamba alilijenga kama mtu anayekokotoa hesabu. Kwanza urefu: mistari kama 100, na ikaishia 108. Kisha hisia, akachagua huzuni. Kisha kibwagizo cha neno moja. Kisha akatafuta kiumbe kisichofikiri lakini chenye kuweza kusema, ili kilirudierudie neno hilo. Wazo lake la kwanza lilikuwa kasuku, ndipo akahamia kwa kunguru. Wahakiki wengi hawaamini kwamba mambo yalikwenda kwa unyoofu huo, na mimi siamini. Lakini hata ukikata nusu ya madai yake, hesabu ilikuwamo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushawishiwa hapa: washairi wetu huhesabu mizani na kupanga vina vya kati na vya mwisho, na hakuna aliyemvua Muyaka ushairi kwa sababu hiyo.

Kinachonishika katika insha ile ni huyo kiumbe. Kunguru wa Poe ana neno moja tu, na hajui maana yake. Mfiwa aliyeketi chumbani, msemaji wa shairi, analijua hilo, Poe anasema hivyo waziwazi, na bado anaendelea kumuuliza ndege maswali mazito zaidi na zaidi, akijua jibu litakuwa lilelile, akiumizwa nalo kila mara. Maana yote inatoka kwake yeye anayeuliza. Sijaona maelezo bora zaidi ya hali ya mtu anayekesha usiku akiizungumzia mashine majonzi yake.

Dhana: Swali la mashine kufikiri limezuka juzi tu.

Aprili 1836, akiwa na miaka 27, Poe alichapisha katika jarida la Southern Literary Messenger, huko Richmond, makala kuhusu mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa sanamu ya mtu mwenye kilemba, ameketi nyuma ya sanduku lililojaa magurudumu ya meno. Wolfgang von Kempelen aliionyesha kwa mara ya kwanza huko Vienna mwaka 1770, na baadaye Johann Maelzel akaizungusha katika miji ya Marekani, watu wakilipa kiingilio ili waione ikiwashinda wachezaji hodari. Poe alisema ndani mna mtu. Alichunguza milango ya sanduku inavyofunguliwa kwa mpangilio uleule kila mara, akaona pia kwamba msaidizi mmoja wa Maelzel, Schlumberger, haonekani kamwe mchezo unapoendelea. Hakuwa wa kwanza kushuku, lakini alipatia.

Alipatia jibu, ila mojawapo ya sababu zake ilikuwa mbovu: mashine halisi ingeshinda kila mchezo, hii hushindwa wakati mwingine, kwa hiyo si mashine. Imani hiyo haijafa. Watu hupokea jibu la kompyuta kwa kuwa “kompyuta haikosei”, na programu za lugha za leo hukosea kila siku, tena kwa sauti ya uhakika.

Hata hivyo swali lake la msingi, nani yumo ndani ya sanduku, bado linastahili kuulizwa, na sehemu ya jibu iko Nairobi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba kampuni ya OpenAI, inayotengeneza ChatGPT, kupitia mkandarasi, ilitumia wafanyakazi wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya mauaji, mateso na udhalilishaji wa watoto, ili programu ifunzwe kuyatambua na kuyakwepa. Adabu tunayoisifu katika majibu ya ChatGPT imepita machoni mwa vijana hao. Watu hubishana kama mashine ina roho, na hawaulizi kuhusu walioisomea uchafu wote ule. Schlumberger angalau Poe alimtaja kwa jina.

Wenzake Poe nao waliandika kuhusu mafundi na viumbe vyao vya chuma. Katika hadithi ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1844, fundi saa anatengeneza kipepeo anayeruka, na mtoto mdogo anamponda kiganjani. Melville, mwaka 1855, aliandika juu ya msanifu anayeuawa na sanamu aliyoiunda mwenyewe ili ipige kengele mnarani.

Dhana: Msomaji makini hatashindwa kutofautisha maandishi ya mtu na ya mashine.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha utafiti katika jarida la Scientific Reports. Waliwapa wasomaji wa kawaida mashairi ya washairi 10 wa lugha ya Kiingereza, wakiwemo Walt Whitman na Dickinson, pamoja na mengine yaliyotungwa na programu kwa kuiga mtindo wao. Wasomaji walipatia chini ya nusu ya mara walizoulizwa. Tena waliyapendelea ya mashine, kwa kuwa yalieleweka upesi, na ugumu wa mashairi ya watu wakauchukulia kuwa ni kuropoka kwa kompyuta. Sioni hapo ushindi wa mashine. Naona wasomaji waliosoma kwa pupa, na ugumu ule ndio uliokuwa shairi lenyewe.

Sasa kuna wanaodai wana alama za siri. Mistari mirefu ya kukatisha sentensi (—), wanasema, ni dalili ya mashine. Dickinson aliijaza katika mashairi yake, katikati ya karne ya 19.

Kushuku mwandishi kuna historia chungu zaidi. Frederick Douglass alipochapisha maisha yake mwaka 1845, kichwa cha kitabu kililazimika kutamka kwamba ameyaandika mwenyewe, maana wengi hawakukubali kwamba mtu aliyezaliwa utumwani angeweza kuandika vile. Harriet Jacobs, naye aliyezaliwa utumwani, alitendewa vibaya zaidi. Alijificha karibu miaka saba katika uwazi mdogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake, huko Edenton, North Carolina, na mwaka 1861 akachapisha habari zake kwa jina la Linda Brent. Kwa miongo mingi wasomi walikiona kitabu chake kuwa hadithi ya kubuni, kazi ya mhariri wake Mzungu. Ilibidi mtafiti Jean Fagan Yellin apekue barua na nyaraka hadi miaka ya 1980 kuthibitisha kwamba Jacobs alikuwako na kwamba kalamu ilikuwa yake. “Ni nzuri mno kuwa yake” lilikuwa neno la dhuluma kabla ya kompyuta, na bado ni hatari. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba programu za kubaini maandishi ya mashine ziliwashutumu kimakosa watu wanaoandika Kiingereza kama lugha ya kujifunza: zaidi ya nusu ya insha zao zilidaiwa kuwa za kompyuta. Mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu anayeandika Kiingereza safi, kilichopangika, ndiye wa kwanza kuonewa. Mwalimu asiadhibu kwa ushahidi wa programu hizo peke yake.

Dhana: Maandishi yaliyosawazishwa ni bora daima.

Dickinson aliacha karibu mashairi 1,800. Yaliyochapishwa akiwa hai ni kama 10 tu, bila jina lake. Haina maana kwamba hakuwa na wasomaji, kwani Susan, mke wa kaka yake, alipelekewa zaidi ya 200. Mengi aliyashona katika vijitabu 40, na mara nyingi aliweka alama ndogo ya msalaba juu ya neno, kisha chini ya ukurasa akaorodhesha maneno mengine ambayo yangefaa mahali pale. Hakuyafuta wala hakuchagua. Aliyaacha yashindane.

Alipofariki mwaka 1886, dada yake Lavinia aliyakuta, na mwaka 1890 kitabu cha kwanza kikatoka chini ya uhariri wa Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson. Wahariri hao walimheshimu. Kwa heshima hiyo wakampunguzia mistari yake ya kukatisha, wakanyoosha vina vilivyopinda, wakayapa mashairi vichwa vya habari. Kitabu kikauzwa sana. Wasomaji walingoja hadi mwaka 1955, Thomas H. Johnson alipotoa toleo lililojaribu kurudisha alichokiandika. Miaka 65 walisoma Dickinson aliyepigwa pasi. Programu za kusahihisha maandishi hufanya kazi ileile, usiku na mchana, kwa kila mtu, na hukuvuta kwenye sentensi ambayo wengi wangeiandika. Mimi huzitumia kwa makosa ya herufi, na siziruhusu ziguse mpangilio wa sentensi zangu.

Kuhusu kurudia kazi, Henry David Thoreau aliandika Walden mara saba kabla ya kuichapisha mwaka 1854. Whitman alianza na mashairi 12 mwaka 1855 na kuendelea kukiongeza na kukipangua kitabu kilekile hadi kikakaribia mashairi 400. Mashine itakupa matoleo 50 ya shairi kabla chai haijapoa, lakini si yeye atakayekaa na aibu ya lililochapishwa.

Dhana: Waandishi wa zamani walichukia mashine.

Thoreau, anayesifiwa kama adui wa maendeleo, alikuwa fundi katika biashara ya penseli ya familia yake na aliboresha mchanganyiko wa grafiti, ile “risasi” ya ndani ya penseli. Whitman alikuwa mpanga chapa. Twain alimpelekea mchapishaji Life on the Mississippi, kitabu cha mwaka 1883, kikiwa kimepigwa taipu, wakati ambapo wengi walipeleka mwandiko wa mkono. Kisha akamwaga karibu dola 300,000 kwenye mashine ya kupanga herufi ya James Paige, yenye sehemu kama 18,000, iliyokuwa ikiharibika kila mara huku Linotype, mashine shindani ya Ottmar Mergenthaler, ikiteka magazeti. Mwaka 1894 alifilisika, akazunguka dunia akitoa mihadhara ili alipe madeni yake.

Dhana: Ukitaka nukuu ya Twain, iulize akili mnemba.

Twain ni miongoni mwa watu wanaosingiziwa nukuu kuliko wote, na programu iliyojifunza kutoka intaneti imejifunza na usingiziaji huo. Inaweza hata kukutungia mpya, ikakupa na mwaka. Vitabu vingi vya waandishi hawa haki zake zimekwisha muda na vinapatikana bure katika Project Gutenberg, kazi iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Fungua kitabu chenyewe utafute sentensi ile. Usipoikuta humo, na mtu aliyekupa hawezi kukuonyesha iko katika barua au hotuba gani, usiitumie.