Kiingereza cha Kuzungumza na Maandalizi ya Kazi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mwanafunzi hawezi kuajirika mpaka azungumze kwa lafudhi ya Uingereza au Marekani.

Ukweli: Pengine hakuna dhana inayopoteza muda mwingi wa darasani kuliko hii. Mwaka 1995 watafiti Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha kwamba kuwa na lafudhi nzito na kutoeleweka ni mambo mawili tofauti, kwa kuwa wasikilizaji waliosema kuwa mzungumzaji ana lafudhi nzito mara nyingi waliweza kuyaandika maneno yake bila kosa. Hata katika mawasiliano ya marubani na waongoza ndege, ambako kutoelewana kunaweza kugharimu maisha, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina ngazi 6 za umahiri na hudai angalau ngazi ya 4, ambayo inakubali lafudhi ya lugha ya kwanza isikike, mradi isizuie uelewano ila mara chache.

Hii haina maana kwamba matamshi yapuuzwe. Mwaka 2000 mtaalamu wa isimu Jennifer Jenkins alipendekeza walimu watilie nguvu yale yanayovuruga maana hasa, kama vile urefu wa irabu, konsonanti zinazoandamana mwanzoni mwa neno, na neno linalobeba mkazo katika sentensi. Mwanafunzi asiyetofautisha irabu ndefu na fupi atataja meli (ship), na msikilizaji asikie kondoo (sheep).

Dhana: Anayesoma na kusikiliza Kiingereza kwa miaka mingi atakizungumza tu, wakati ukifika.

Ukweli: Nchini Kanada, wanafunzi waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa walikielewa vizuri sana, lakini uzungumzaji na uandishi wao ukabaki nyuma, jambo lililomfanya mtafiti Merrill Swain ahoji mwaka 1985 kwamba mtu hujifunza pia kwa kulazimika kuitoa lugha kinywani mwake. Zoezi moja jepesi, lisilohitaji kifaa chochote ila saa, ni kumwacha mwanafunzi aeleze jambo lilelile kwa wasikilizaji 3 tofauti, mmoja baada ya mwingine, kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2. Mwalimu asimkatize ili kusahihisha. Makosa ayaandike pembeni na kuyarudia baadaye, kwani anayekatizwa kila sentensi hujifunza kunyamaza.

Dhana: Mtu hufaulu usaili wa kazi kwa kukariri majibu mazuri.

Ukweli: Majibu ya kukariri hudumu mpaka swali la pili. Msaili akiuliza, “Kwa nini ulifanya hivyo?”, aliyekariri hana pa kushika, ilhali aliyezoea kusimulia kazi aliyoifanya, tatizo alilokutana nalo na hatua alizochukua, huendelea kuzungumza hata kama sarufi yake inachechemea.

Kwa maoni yangu, pengo kubwa zaidi huonekana baada ya ajira, kwa sababu shule humfundisha mwanafunzi kujibu na ni nadra kumfundisha kuuliza. Kazini atapewa maelekezo kwa simu yenye kelele, na atahitaji kusema kwa adabu kwamba hakusikia tarehe, kuomba irudiwe, kisha kuitamka upya ili ahakikishe. Maneno hayo hayazidi sentensi 3 au 4, na yanaweza kufanyiwa mazoezi tangu wiki ya kwanza.