Matangazo ya kazi si soko zima la ajira

"Kabla ya kufungua kozi ya ufundi, hesabu matangazo ya kazi." Ushauri huu unasikika sana Dodoma, hasa tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016. Una sura ya busara, ila unapotosha. Wanaotangaza kwa kawaida ni ofisi na kampuni kubwa. Mwenye nyumba wa Ilazo ambaye bomba lake linavuja hatangazi popote. Anampigia fundi ambaye namba yake amepewa na jirani. Mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Singida naye, mota ikiungua, hana muda wa kusoma barua za maombi. Anataka mtu afike leo, na spana mkononi.

Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu hubisha hodi kwenye kaya katika utafiti wa nguvu kazi, kama ule wa 2020/21, na kuwahesabu hata waliojiajiri. Hata hivyo, takwimu hizo huchelewa, kwa hiyo chuo kinapaswa pia kuwauliza mafundi wa mtaani na kuwafuatilia wahitimu wake. Tena, kazi mia moja si habari njema kama vyuo jirani vinatoa mafundi mia tatu wa fani hiyohiyo.